Nyama ya kijivu buchani Tengeru

Leo nimekula ngumi ya mdomo kwa sababu ya rangi nyekundu.

Mwenye bucha mmoja hapa Tengeru aliniita nimpigie picha za nyama, aweke kwenye bango lake. Kwenye kioo cha kamera nyama ilikuwa nyekundu safi. Akafurahi.

Nikazifungua kwenye laptop. Kijivu tupu.

(Picha ghafi ndivyo zilivyo, jamani. Kioo cha kamera kinakuonyesha picha iliyokwisha kupambwa, ile ghafi bado haijaguswa.)

Wateja wakachungulia. Jamaa akashusha panga kwenye gogo, karibu kabisa na vidole vyangu.

"We dogo, unawaambia watu nauza mzoga?"

"Hapana braza, subiri nikuonyeshe."

Nikaongeza wekundu taratibu, mbele ya wote, mpaka nyama ikapendeza.

Mama mmoja akarudisha mfuko wake wa nyama mezani. "Kumbe huwa mnaipaka rangi."

Wote wakaondoka naye. Hapo ndipo ngumi ilipotua.

Nimepiga picha mdomo wangu uliopasuka. Kwenye picha ghafi, damu inafanana na chai iliyopoa.

Sasa nishaurini: polisi niwapelekee hiyo hiyo, au niiongezee wekundu kwanza?