Nyota Mbili za Tanuri

Kwenye kiwanda cha mikate walimwita Tanuri, kwa jasho lake na kwa ulimi wake. Wazazi wao walipofariki aliacha shule, akajifunga kibwebwe kukanda unga ili mdogo wake wa kike asome. Mdogo akasoma, tena akasomea nyota! Sasa ni mtaalamu wa anga chuoni, na Tanuri bado anakanda unga. Usimwonee huruma kwa hilo; alilitaka mwenyewe, na lilimfurahisha.

Chuo kilipoalika watu kuja kutazama nyota, Tanuri hakuambiwa na mdogo wake. Alisikia redioni kama wewe na mimi. Hata hivyo kichwa kilimvimba, akawatangazia wenzake kwamba yule mtaalamu ni ndugu yake wa tumbo moja. Wakamcheka.

"Acha kutupiga kamba, Tanuri. Mtu wa nyota na mtu wa hamira wapi na wapi?"

"Njooni basi mkamsikie akiniita dada."

Hilo tu ndilo alilotaka. Kuitwa dada mbele za watu.

Giza lilipoingia, baridi ikiuma masikio, waokaji walipanda hadi juu ya paa la chuo, aproni zikichungulia chini ya makoti. Mdogo mtu alikuwa akiwaeleza wageni habari za nyota inayong'aa kuliko zote usiku wa baridi.

"Mnaona moja, lakini ni mbili. Mwenzake ndiye aliyekuwa mkubwa, akateketea kwanza. Sasa amebaki kidogo tu, na mwanga wa huyu unamfunika asionekane."

Tanuri alitikisa kichwa kwa fahari. Zamu yake ilipofika aliinamia darubini, akaona ukungu. Ukungu kwenye kioo cha tanuri anaufuta kila siku, na dawa yake anaijua: akashika pindo la aproni, akasugua kwa nguvu. Pindo lenyewe lilikuwa limejaa siagi.

"Wewe! Unafanya nini?" mdogo mtu alifoka.

Wageni wakaangua kicheko. Waokaji hawakucheka, walikuwa wakisubiri.

Mkuu wa chuo akasogea na tochi, akamulika uso mmoja, kisha wa pili. "Mbona mmefanana hivi? Si ulituambia wewe ni mtoto wa pekee?"

Mdogo mtu alimtazama Tanuri kwa macho ya kuomba, kama enzi zile alipotaka viatu vya shule.

Ilimuuma Tanuri, ilimuuma vibaya. Akapiga moyo konde.

"Watu hufanana tu, mzee," akasema. "Mimi ni wa kiwanda cha mikate. Hatujuani."

Nyuma yake mwokaji mmoja akaguna, "Si nilisema?"

Mdogo mtu akashusha pumzi, akachukua kitambaa safi, akaanza kufuta kioo.

"Asante, mama," akasema bila kuinua uso. "Sasa wapishe wengine."