Mti Nilioufunika kwa Kabro

Siku mume wangu alipoleta ule mti nyumbani, nilimnunia hadi kesho yake. Alikuwa dereva wa lori, akibeba viazi kutoka Molo kupeleka Nairobi, na asubuhi ile alikuwa ameniahidi kwamba akirudi atapitia Kikopey aniletee mbavu za mbuzi. Mimi nikawasha jiko mapema, nikakata kachumbari, nikawaambia watoto leo hakuna sukuma wiki. Lori likaingia, mzee akashuka, mkononi ana mkebe wa mafuta ya kupikia, na ndani ya mkebe mche wa urefu wa kalamu. Ati alikuta mama mmoja anauza miche kando ya barabara akamwonea huruma.

"Na nyama?" nikamuuliza.

Akasema nyama tungekula leo na kesho tuulizane tena tutakula nini, lakini hiki kivuli tutakikalia hadi tuzeeke. Jioni hiyo tulikula ugali kwa kachumbari, na mimi sikumsemesha.

Ulikuwa mringaringa, ule ambao wengi hapa Rongai huuita muringa. Tulikuwa tumehamia hapa juzijuzi tu. Kipande chetu kilikatwa kutoka shamba kubwa la ngano la mzungu wa zamani, na hapakuwa na hata kichaka cha kuanikia kitambaa. Jua lilikuwa linatupiga kutoka asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Mzee akachimba shimo mbele ya mlango wa jikoni, akaupanda, na kesho yake akarudi barabarani. Mti akaniachia mimi, pamoja na watoto watano.

Sheria yake ilikuwa moja: mti unywe tukimaliza kula. Maji tuliyateka mbali kwa punda, kwa hivyo hakuna maji yaliyomwagwa kabla hayajafanya kazi mbili. Ya sabuni tulimwaga nyuma ya choo, na yale ya kusuuzia vyombo yakaenda kwa mti. Tulikuwa watu saba. Sahani saba, vikombe saba, sufuria mbili, mwiko: hilo ni karai zima, na aliyekuwa na zamu ya vyombo ndiye aliyelibeba. Wakati wa mchwa nilizungushia jivu. Wakati wa mbuzi nilizungushia miiba. Na bado kuna siku ndama aliruka ile miiba akakitafuna kichwa chote cha mti. Woi! Nilimfukuza yule ndama na mwiko hadi kwa jirani, nikarudi nikalia. Nilidhani umekwisha. Kumbe pale ulipokatwa pakatoka matawi matatu badala ya moja, na ndiyo sababu mti wangu haukwenda juu kama mlingoti, ulitanuka pande zote.

Miaka kumi baadaye maisha yetu yote yalikuwa chini yake. Mahindi tulipukuchulia hapo, watoto tukawanyoa hapo, vitabu vya shule vikaandikiwa hapo. Mzizi mmoja ulikuwa umeinuka juu ya udongo kiasi cha kukalika, na ulikuwa wangu. Mtu mwingine akiukalia anajua ataondolewa. Maua yakianguka uani kote palikuwa peupe, na mzee alikuwa akikataza kufagia. Alipofariki, waombolezaji walikaa chini ya ule mti, na upande ule hatukuhitaji kukodi hema.

Watoto wakaenda mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Niliwasomesha ili waende, sasa nimlaumu nani? Wawili wako Nairobi, mmoja Mombasa, mmoja Uarabuni, na kitinda mimba aliolewa Kitale. Nyumba ya watu saba ikabaki na mtu mmoja na paka ambaye hata si wangu. Nilikuwa mpweke. Kanisani nikiulizwa nasema niko sawa, namshukuru Mungu, lakini kuna siku sauti yangu niliisikia kwa mara ya kwanza saa kumi jioni, nikimfokea huyo paka, nikashtuka.

Basi Krismasi moja mwanangu mkubwa alikuja, mvua ikanyesha, gari lake likakwama katikati ya uwanja. Walilisukuma hadi viatu vya mkewe vikabaki kwenye matope. Mkewe ni mtu mzuri, hakusema neno, ila uso wake uliona haya kwa niaba yangu. Jioni mwanangu akaniambia, "Mama, hapa tukiweka kabro, vile vitofali vya saruji vya kutandaza chini, tutakuwa tunakuja kila mwezi. Watoto wacheze, gari liingie bila shida."

Kila mwezi. Mimi nilichosikia hapo ni hayo maneno mawili tu. Nikamwambia aweke hata kesho.

Mafundi walikuja Novemba iliyofuata. Wakasawazisha udongo, wakamwaga vumbi la mawe, wakashindilia kwa mashine iliyotikisa vikombe kabatini. Walipofika kwa mti, fundi mkubwa alisimama akaniuliza, "Mathe, hapa tuache nafasi?"

Aliniuliza vizuri kabisa. Na mimi, niliyekuwa mpimaji wa mahindi miaka ishirini na miwili kwenye stoo ya nafaka, mtu ambaye hakuna mkulima aliyewahi kubishana naye juu ya kipimo, nikamjibu, "Weka mpaka kwa shina. Sitaki kuona tope hata la kijiko." Akauliza na huu mzizi uliojitokeza. Nikasema kata. Wakaukata kwa shoka, mzizi wangu wa kukalia, wakamalizia na saruji kuzunguka shina lote. Uwanja ulipendeza! Majirani walikuja kuangalia, na mimi nikapita na kifagio nikijidai.

Krismasi walikuja wakakaa siku mbili. Gari liliingia bila shida, na likatoka bila shida. Januari nikangoja, Februari nikangoja. Simu mwanangu alipiga, sitamsingizia. Dawa zangu za presha hutuma bila kukosa. Lakini kila mwezi kulikuwa na jambo. Pasaka kazi, Agosti watoto wana masomo ya likizo. Na maji ya kusuuzia niliacha kupeleka kwa mti, kwa sababu yalitiririka juu ya kabro hadi getini yakaacha alama.

Mwaka ule majani yalitoka madogo, ya manjano. Nikajiambia ni kiangazi. Mwaka uliofuata mvua za Aprili zilinyesha, miringaringa yote ya kijiji ikavaa majani, na wangu ukasimama uchi. Nilikuwa nikitoka mlangoni asubuhi natazama chini ili nisiuone.

Nilimpigia mwanangu nikamweleza.

"Mama, ni mti tu," akasema. "Ukikauka tutaukata. Hapo patatosha magari mawili."

"Magari mawili ya nani?" nikamuuliza.

Akasema, "Mama, tafadhali usianze," na kwamba atanipigia baadaye.

Nikavunja kijiti kimoja nikaenda nacho hadi kwa mzee anayeuza miche karibu na soko la Rongai. Akakikwaruza kwa ukucha. Ndani kulikuwa na kijani kidogo, chembamba kama uzi.

"Bado uko hai huu," akasema. "Umeuwekea nini miguuni?"

Nikamwambia. Mzee wa watu akapiga mluzi. "Ai, mama! Mti unapumulia chini. Unakunywa chini. Wewe umeufunika kama maiti. Zing'oe hizo kabro, mpaka pale kivuli chake kilipokuwa kinaishia."

Ungedhani nilikwenda moja kwa moja nikang'oa. Hapana. Nilikaa wiki nzima nikizunguka ule mti. Sikuwa nawaza kazi, kazi mimi siogopi. Zile kabro ndizo zilikuwa ahadi. Zikiwa pale, mwanangu bado alikuwa anakuja kila mwezi, ila mwezi wenyewe haujafika. Nikizitoa, nimekubali kwamba haji. Na nisipozitoa, ninauua mti wa baba yake ili nilinde maegesho ya gari ambalo haliko. Nilikasirika, jamani. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia marehemu na mkebe wake, halafu nikajikasirikia mwenyewe, maana fundi aliniuliza.

Jumatatu asubuhi nikachukua mtaimbo wa marehemu. Ile saruji ya kuzunguka shina ilinipiga vita siku mbili. Kabro ya kwanza ndiyo ngumu, zikishafunguka zinatoka zenyewe. Nilizing'oa kidogo kidogo, asubuhi kabla jua halijakuwa kali, nikazipanga kando ya ukuta. Siku ya nane nikafika kwenye udongo uliokuwa mgumu na mkavu, na mvua yote ile ilikuwa imepita juu yake. Nikaulainisha kwa jembe polepole, nikatia mbolea ya ng'ombe ya jirani. Pale palipokuwa na mzizi wangu kuna kovu jeusi. Nilipapasa hapo nikaomba msamaha, kwa sauti, na hakuna aliyekuwepo wa kunicheka.

Mwanangu alipopiga, nikamwambia nimezing'oa.

"Zote?"

"Za chini ya mti."

Akavuta pumzi. "Sasa tukija tutaegesha wapi?"

Jibu kali lilikuwa tayari mdomoni, mimi sikosi jibu. Lakini nilisikia sauti yake imechoka, sauti ya baba yake akirudi safari, nikalimeza. Nikamwambia, "Njooni kwanza, baba. Mimi nitapata mahali." Akasema sawa. Ilikuwa Mei, na sasa tuko Novemba.

Mti umetoa majani kwenye matawi mawili. La tatu halikurudi, nikamwita fundi wa msumeno akaliondoa, na upande huo jua linaingia hadi mlangoni. Nimeweka kiti changu upande wa pili, kivuli kinanitosha.

Shida yangu sasa ni maji. Sahani moja, kikombe kimoja, sufuria ya ugali wa mtu mmoja: ukisuuza hivyo vyote hupati hata robo karai. Mfereji wa maji ninao hapa nyumbani siku hizi, najua, na jirani ameniambia mara ngapi nivute mpira niumwagilie. Mimi sitaki. Mti ule haukulelewa na mpira. Kwa hivyo kila siku nikishakula cha mchana natoa kabatini sahani nyingine sita na vikombe sita, visafi vile vilivyo, navisuuza kimoja kimoja na kuvianika. Karai likijaa, nalibeba hadi kwa mti.