Sindano Kumi na Mama Mkwe

Kiuno kiliponishinda, nilijipeleka kwenye kliniki ya tiba ya Kichina pale Nyasubi, Kahama. Tabibu alinionyesha sindano nyembamba kama unywele.

"Hazina dawa ndani. Lala dakika ishirini, usitikisike. Na usitegemee kupona leo."

Nilivua shati, nikalala kifudifudi. Ya kwanza ilipoingia, nilimwita mama yangu kwa Kisukuma: "Mayu wane!" Wala haikuuma, ulikuwa woga tu.

Zilipotimia kumi, sauti nyuma ya pazia ikauliza, "Baba Neema?"

Mama mkwe! Nilidhani yuko kwake Bugarama. Kwetu mkwe haonekani kifua wazi mbele ya mama mkwe, lakini utakimbiaje na sindano kumi mgongoni?

"Shikamoo, mama," nilisema, uso nimeuzika kwenye mto.

"Marahaba. Tulia, mwanangu. Mimi hii ni mara ya tano, goti ndiyo kwanza linaanza kukunjika. Ila nyumbani usiseme umenikuta huku."

"Sitasema, mama."

"Na mimi sitasema nimekusikia."

Kiuno kimepata nafuu kidogo. Ahadi nayo niliitunza wiki nzima, mpaka mhariri wa gazeti alipopiga simu kuuliza safu yangu ya wiki iko wapi, nami sina kisa kingine ila hiki.