Siku Manika Ilipokula Chachu ya Safi

Watu wa mtaa wetu hapa Manika wakikuambia kwamba Mama Yassini ana hasira, wakubalie tu, usipoteze mate kunitetea. Lakini waulize pia ni nani anayewakaangia bitumbula, maandazi yetu ya mviringo, kila asubuhi, wachimbaji, walimu, wenye moto-taxi, hata yule pasta anayetangaza kwamba amefunga. Ni mi. Na nikikasirika huwa kuna sababu, kama siku ile mume wangu alipoulisha mtaa mzima kazi ya Safi.

Safi ni binti ya marehemu kaka yangu Ramazani. Sisi ni watu wa Maniema. Wazee wetu walikuja hapa Kolwezi na biashara ya kusafirisha mizigo, wakasahau kurudi. Ramazani alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwisho mwisho alikuwa anadungwa sindano na sindano haifanyi kitu. Safi alikuwa bado sekondari. Akamuuliza daktari kwa nini, na daktari akamwambia: dawa inafika, lakini seli za baba yako zimeacha kuisikia. Sote tulilia pale kando ya kitanda. Safi alilia pia, halafu akafuta uso na khanga yangu, akauliza, "Seli inasikia na nini?"

Daktari aliitwa kwa mgonjwa mwingine kabla hajajibu vizuri. Basi mtoto akaamua kulitafuta jibu mwenyewe, akaenda na lile swali mpaka université, na hajaliacha mpaka leo.

Kazi yake si udaktari wa hospitali, ingawa wamama wakimwona na lile koti jeupe wanamletea watoto wenye homa. Anachunguza jinsi seli inavyosikia. Hakuanza na seli za mtu, maana ni za gharama na zina maringo. Alianza na chachu, hii hii tunayotia kwenye unga, sisi tunaiita levire. Alinieleza jikoni, mi nakanda, yeye anakula. Kila chembe ya chachu ni seli inayojitegemea, na ziko za aina mbili, tuseme bibi harusi na bwana harusi. Moja ikitaka mwenzake, inatoa kitu kama harufu. Yule mwenzake ana masikio kwenye ngozi yake. Vitabuni yanaitwa vipokezi. Sikio likiinasa ile harufu, linaigusa protini iliyo upande wa ndani, hiyo inaiamsha ya pili, ya pili inaiamsha ya tatu, habari inapita mkono kwa mkono mpaka katikati. Hapo chachu inaacha kazi zote, inanyoosha shingo kuelekea kule harufu inakotoka.

"Aka!" nilimwambia. "Kwa hiyo miaka yote hii umesoma ili uchungulie wachumba?"

"Ndiyo, Shangazi. Na we kila siku unaniuliza wangu yuko wapi. Si unaona niko kazini?"

Mdomo huo ameurithi kwetu, sina la kumlaumu.

Alichotaka kujua ni hiki: sikio likiharibika kidogo, habari inapotelea wapi njiani? Maana miili yetu nayo ina njia za namna hiyo, seli kwa seli. Akatengeneza chachu yake ya pekee, ambayo masikio yake yanawaka kijani ukiyapiga taa ya bluu, ili ayaone yakifanya kazi. Kuitengeneza kulimsumbua mpaka akakonda. Na ilipofaulu alikuja kwangu anaruka kama mtoto aliyepewa viatu vipya.

Sasa, maabara yao umeme unakuja unavyotaka. Kwangu haukatiki sana, kwa sababu tuko laini moja na hospitali, na nina frigo kubwa ya kuuzia maji na soda. Safi akaniletea chupa zake ndogo, akazipanga juu kabisa, nyuma ya siagi. Alifanya vizuri, maana frigo ya maabara ilizimika wiki nzima na zile alizobakiza kule zote ziliota ukungu. Zikabaki za kwangu tu. Na maprofesa wa kutoka Lubumbashi walikuwa wameshasema wazi: siku ya kutetea kitabu chake cha shahada, waone kwa macho yao chachu ikisikia, hawataki picha. Asipokuwa na chachu, hakuna kitabu, aanze upya.

Bado wiki moja na siku kidogo, mke wa Yassini wangu akashikwa na uchungu alfajiri. Nikaenda naye maternité, nikamwachia mume wangu bitumbula. Amadi ameendesha lori kwenda Dilolo na kurudi maisha yake yote, njia anaijua shimo kwa shimo, lakini hajui kwamba levire yangu inakaa kabatini ndani ya kopo la maziwa. Angenipigia simu. Wapi! Mwanaume mzima ampigie mke wake kuuliza habari za unga? Akafungua frigo, akakuta chupa zimeandikwa LEVURE kwa herufi kubwa, akamshukuru Mungu, akazimimina zote.

Nilirudi mchana na habari njema, mjukuu wa kike, mnene, mwenye kelele kama zangu. Nilikuwa nacheka peke yangu juu ya moto-taxi. Mlangoni nikamkuta Mechack, yule kijana mchimbaji, ameshika kitumbula mkononi na uso wa huzuni.

"Mama Yassini, mi nachimbaka majiwe kila siku," akasema, "lakini ya namna hii sijaona bado. Mulitia cobalt ndani?"

Nikajaribu kukivunja. Hakikuvunjika. Nikaingia ndani.

"Amadi, ulitia nini kwenye unga?"

"Levire."

"Levire gani?"

"Ile ya frigo. Ile ya chupa ndogo ndogo."

Niliyoyasema baada ya hapo hayaandikwi. Jirani walitoka nje kusikiliza, na wengine waliniambia baadaye kwamba walijifunza maneno.

Nilimpigia simu Safi, akaja mbio na koti lake jeupe bado mwilini. Akaziona chupa juu ya karai la vyombo, tupu, zinang'aa. Amadi alikuwa ameziosha kwa sabuni na maji ya moto, eti asaidie. Safi akakaa kwenye kile kigoda changu cha kukaangia, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akafuta uso na koti lake bila kuinua kichwa, kama alivyoufuta na khanga yangu siku ile ya baba yake, na moyo wangu uliniuma sana. Amadi, mtu mzima na ndevu zake nyeupe, alikuwa ameegemea ukuta anatokwa na machozi.

Halafu Safi akainua kichwa.

"Baba Yassini, mama ya unga uliiweka?"

Mama ya unga ni lile donge tunalokata kabla ya kukaanga, tunalifunika chini ya kikombe, liumushe unga wa kesho. Safi amekua na hilo donge. Alipokuwa mdogo ndiye alikuwa analifunua kila asubuhi kuangalia kama linapumua.

"Niliiweka," Amadi akajibu. "Niukosee unga heshima mpaka hapo? Lakini Mama Marlène alikuja kuomba, nikampa."

Na hapo huwezi kumlaumu. Jirani akiomba mama ya unga hanyimwi, hata kama hamsalimiani. Mi na Mama Marlène tulikuwa hatusalimiani.

Tulitoka sote watatu mbio, mi mbele na kitenge nimekishika mkononi. Tulimkuta Mama Marlène ameinama juu ya karai, mikono imezama kwenye unga mpaka viwiko.

"Toa mikono!" nikapiga kelele tangu mlangoni. "Hilo karai nalichukua!"

"Unachukua karai ya nani? Na kesho bantu ba mi batakula nini, batakula kelele yako?"

Nikashika upande mmoja, akashika upande wa pili. Tukavutana pale kama wanaogombania shuka. Safi akajiingiza katikati yetu.

"Wamama, tafadhali. Mi nataka kijiko kimoja tu."

"Kijiko kimoja?" tukauliza pamoja.

"Ndani ya kijiko kimoja ziko maelfu na maelfu. Zangu zikiwamo hata chache, zinatosha. Mi nahitaji moja iliyo hai."

Tukaachia karai. Mama Marlène akafuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na kijiko cha ile seti ya harusi yake ambayo hajawahi kumpa mgeni yeyote. Tangu siku hiyo tunasalimiana, na mama ya unga inakwenda na kurudi.

Safi alikuwa na ujanja mmoja. Wakati wa kuitengeneza chachu yake aliipa kinga ya dawa fulani inayoua chachu za kawaida. Akakoroga ule unga na maji, akapaka kwenye visahani vyenye hiyo dawa, akavifungia kwenye joto. Kilicho chake kiishi, cha Mama Marlène kife. Mi nikawa naenda maabara kila siku na thermos ya chai, mpaka mlinzi akachoka kunizuia. Kesho yake visahani vitupu. Keshokutwa vitupu. Amadi aliacha kula bitumbula kabisa, anasema havipiti kooni.

Siku iliyofuata nilimkuta Safi ameinamia kisahani, hapumui. Kulikuwa na vidoti vyeupe vichache, vidogo kama mbegu za lengalenga, mchicha wetu. Akachukua kimoja, akakiweka chini ya mikroskopi, akawasha taa ya bluu. Akatazama muda mrefu hata nikatamani kumfinya. Kisha mabega yakaanza kucheza, kushoto, kulia, na nikajua kabla hajasema.

"Ni zenyewe, Shangazi! Zinawaka!"

Tulicheza pale katikati ya chupa na mashine mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini, naye tukamchezesha.

Siku ya kutetea kitabu tulijaza viti vya nyuma: Amadi na kanzu yake ya Idi, Mama Marlène, Mechack amenyoa, na mkwe wangu na mtoto mchanga. Professeur Ngoy, mkubwa wa maprofesa, alikuwa na sura ya mtu ambaye hajacheka tangu uhuru. Safi akatonesha ile harufu ya mwenza juu ya chachu, akaeleza kwamba itachukua saa moja na nusu hivi kuonekana, na wakaanza kumpiga maswali kwa Kifaransa kirefu. Anajibu tu. Halafu Ngoy akauliza chachu hiyo imetunzwa wapi, maana amesikia habari za frigo ya maabara.

"Ndani ya frigo ya shangazi yangu," Safi akasema. "Halafu ndani ya bitumbula."

Akasimulia yote, hakuficha hata sabuni ya Amadi. Ngoy akavua miwani.

"Na wale waliokula?"

"Mi njo nilikula, Professeur!" Mechack akasimama. "Niko muzima! Paka meno tu njo inauma!"

Ngoy alicheka mpaka akashika meza, na ukumbi wote ukamfuata.

Lakini kicheko si cheti. Saa ilipofika wakasogea kwenye mikroskopi, na Safi akawa anasugua vidole vyake. Ngoy alipotaka kuinama, akamwambia, "Kwa ruhusa yako, Professeur, atangulie shangazi yangu."

Nikasogea mezani. Nikaweka jicho. Mwanzoni niliona giza tu, halafu vikaja viduara vya kijani, vingi, vya mviringo kama bitumbula vyangu. Na katikati yao moja ilikuwa si mviringo tena. Ilikuwa imetoa shingo, imeinyoosha yote upande mmoja, na ncha yake inawaka kuliko vyote. Nikamkumbuka Ramazani na zile sindano, na mtoto na khanga yangu usoni.

"Inasikia!" nikapiga kelele. "Safi, mwanangu, inasikia!"

"Mama," Ngoy akaniambia kwa upole, mkono begani kwangu, "tuachie na sisi tuone, tumpe mutoto cheti yake."

"Ngoja kwanza, Professeur," nikamwambia, machozi yananimwagikia kwenye mashine yao. "Mi sijamaliza."