Sufuria ya Shangazi

Harufu ya mdalasini inayoungua pembeni mwa sufuria inanichosha kuliko harufu zote. Wenzangu wanasema ni harufu ya sikukuu. Mimi ikinifikia, hapa Garsen nilikopanga, jirani akiandaa futari, nafunga dirisha hata kama joto linaniua. Inanirudisha kijijini kwetu Idsowe, kwenye kiangazi kile ambacho Mama alioka ndizi kwa mara ya mwisho. Nimejisimulia habari hii kimoyomoyo mara nyingi mno, na leo naiandika kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Yona alikuwa hajafikisha miezi minne, na Mama, baada ya kuugua homa ndefu, maziwa yalikuwa yamemkauka kabisa. Aliyetuokoa ni Mama Halima, mwanamke wa Kiorma ambaye watu wake walikuwa wameshusha ng'ombe karibu na mto kama walivyofanya kila kiangazi. Kila asubuhi alituletea maziwa, na Mama akampa ndizi na mahindi ya shambani kwetu, kama walivyobadilishana tangu sijazaliwa. Lakini kubadilishana kulikuwa kisingizio tu. Akishaweka kibuyu chini, Mama Halima alikaa mkekani, Mama akichambua mchicha, wakawasengenya waume zao kwa Kipokomo chetu kidogo, Kiorma chake kidogo na Kiswahili cha kubahatisha, wakicheka mpaka Yona anaamka. Sijapata kumwona Mama akicheka vile na mtu mwingine, hata na Baba.

Ramadhani ilipoingia, Mama akasema lazima amfuturishe rafiki yake kwa kitu cha maana. Alichagua ndizi za mkono wa tembo zilizoiva mpaka maganda yakawa na madoa meusi. Akapata nazi mbili kutoka Kipini, akatwanga iliki, akavunja mdalasini na kuokota karafuu tatu nne kutoka kwenye kitambaa alichokifunga fundo. Samli aliipata kwa Mama Halima mwenyewe. Kilichokosekana ni sufuria. Kwetu, nyumba nyingi zilikuwa na chombo kimoja kilichotengwa kwa kuwapikia wageni Waislamu, na chetu kilikuwa kimetoboka. Mama akaniambia, "Roda, vuka mto, nenda kwa mke wa mchungaji wa kanisa akuazime sufuria yake ya wageni. Kwa shangazi yako usiende." Hakuhitaji kunieleza. Mume wa shangazi alikuwa akitega ngiri waliotumalizia mahindi, na ngiri akinaswa hakutupwa. Sisi Wakristo tulimla bila wasiwasi wowote, na alipikwa kwenye sufuria ile ile ya shangazi.

Nilifika ukingoni nikakuta mtumbwi uko ng'ambo. Nikaita mara mbili, hakuna aliyeitika. Jua lilikuwa kali, mchanga unachoma nyayo, na nyumba ya shangazi ilikuwa hatua chache tu nyuma yangu. Sina maelezo mengine ya kujitetea, nilikuwa mvivu. Nikaiazima ile sufuria, nikaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa kuliko mpya, nikajiambia hakuna tena ngiri humo. Mama aliponiuliza nilikoitoa, nikajibu, "Kwa mke wa mchungaji," bila hata kumeza mate.

Akapaka samli chini, akazipanga ndizi alizozipasua, akazimwagia tui zito lenye sukari na viungo, akafunika, kisha akapalia makaa juu na chini. Kijiji kizima kilinukia. Alasiri nikapeleka sahani ya ndizi zile kwa Mama Halima, nikarudi nikirukaruka. Nyumbani nikamkuta shangazi amesimama mlangoni, anaidai sufuria yake kwa sababu mumewe amenasa ngiri mwingine. Mama akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Hakunipiga. Alimpa shangazi Yona ambebe, akanishika mkono, tukaondoka karibu tunakimbia, yeye aliyekuwa bado anapepesuka kwa ugonjwa. Njiani alisema jambo moja tu, "Utanyamaza. Nitasema mimi."

Tulifika jua likizama. Mama Halima alikuwa ameketi na mama mkwe wake na mawifi, sahani iko mbele yao. Mama akasema huku akihema, "Msile. Sufuria niliyopikia si safi kwenu. Kosa ni langu." Hakunitaja. Mama mkwe aliguna. Mama Halima aliinuka, akaifunika sahani na kuturudishia mbele ya wote, na watoto wake wakaisindikiza kwa macho. Ndizi zile tulizila sisi nyumbani. Zilikuwa tamu sana, na hilo linanikera mpaka leo.

Nilikesha nikiamini kwamba Yona atakufa kwa sababu yangu. Lakini asubuhi maziwa yakaja, na kesho yake, na kila siku mpaka kiangazi kikaisha, na Yona leo ni mtu mzima mwenye kitambi. Kilichokoma ni kukaa. Mama Halima alisimama mlangoni, akamimina maziwa, akapokea ndizi, akaenda zake. Mama aliendelea kuutandika mkeka kila asubuhi kwa wiki kadhaa, kisha akaacha. Neno moja langu lingetosha kumkalisha yule mama pale, nami nilikuwa nacheza uani nikiwatazama.

Siku hizi mimi na jirani yangu Mwislamu tunapelekeana sahani zenye vifuniko. Sahani hurudi safi na shukrani nyingi, wala hatuulizani kitu kuhusu vyombo. Mwaka jana nilikutana na Mama Halima sokoni hapa Garsen, mzee, ameshikwa mkono na mjukuu. Nikamwambia Mama alifariki. Akalia kidogo, halafu akasema, "Mama Roda alizijua desturi zetu kuliko mawifi zangu. Alikoseaje sufuria? Nikaona labda amenichoka." Hapo ndipo nilipomwambia kwamba ni mimi, nikiwa nimesimama katikati ya mafungu ya maembe, mwanamke mwenye mvi. "Ungesema, ningekaa," alisema. Kisha akanionea huruma, akanishika bega. "Basi, mwanangu. Ulikuwa mtoto."

Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini siku nilipomzika Mama nilikuwa na miaka thelathini na sita, na bado nilikuwa sijasema.