Mama Mkanda na Gari Lililokuwa Halipumui

Jua halijachomoza bado. Mlango wa jikoni unafunguka, baba na binti wanatoka wamefuatana. Baba ana kitambaa, binti ana ufunguo. Boneti inainuliwa. Mzee anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena na kumkabidhi binti yake kwa mikono miwili.

"Katikati, baba," anasema binti.

"Una hakika?"

"Katikati kabisa. Hata tone haliongezwi."

Mzee anaguna. Haridhiki sana, lakini anakirudisha kijiti mahali pake na kufunga boneti kwa kuilalia na kifua, kama alivyozoea enzi za malori. Binti anawasha gari, anazunguka nyuma, anachuchumaa na kuweka kiganja karibu na egzosi, bomba la kutolea moshi. Anasubiri kidogo. Hewa inamgonga kiganjani.

"Linapumua," anasema, na uso unamkunjuka.

Abiria wake wanamwita Mama Mkanda, na usidhani ni kwa sababu anavaa mkanda mzuri. Gari lake haliondoki mpaka kila aliyemo awe amefunga mkanda: awe mgonjwa, awe daktari, awe mwandishi wa habari aliyekuja kumhoji na kujifanya hajui kwamba kiti cha nyuma nacho kina mkanda. Nilifunga. Ndipo tukaondoka.

Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa wa figo kwenye kliniki iliyoko juu ya mlima, ambako wanasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Ana umri wa miaka arobaini na sita, watoto wawili wa sekondari, na baba mzazi aliyehamia kwake mwaka juzi baada ya mama kufariki. Wote hao wanaishi kwa gari moja dogo la kijivu lenye kiti cha nyuma kilichoshonwa upya.

Aliyekishona kiti hicho ni abiria wake wa siku nyingi, bibi mmoja mshonaji ambaye figo zake zilimwachisha kazi lakini mdomo wake haukuachishwa kitu. Huyo ndiye aliyekuwamo garini siku mambo yalipoharibika.

Kwa kweli yalianza kuharibika mapema zaidi. Gari lilikuwa zito. Kwenye tambarare lilikwenda, lakini likiona mlima linanung'unika. Unakanyaga mafuta, linapiga kelele tu bila kusogea inavyopaswa. Sakafu ikawa ya moto mpaka abiria wakawa wanainua miguu, na ndani kukawa na harufu ya mayai viza.

"Hiyo harufu ndiyo iliyonitesa," anasema Mama Mkanda. "Kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Nikawa nafungua madirisha yote, najifanya nasikia joto."

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akabadilisha pampu ya petroli. Wa tatu alisikiliza kidogo, akajifuta mikono na kusema injini imekwisha: aibadilishe au aliuze gari lingali linatembea. Kubadilisha injini kungemeza kipato chake cha mwaka mzima, na huo mwaka mzima watu wangekula nini?

Siku ya siku, gari lilizimika katikati ya mlima wa kliniki, bibi mshonaji akiwa amekaa mbele. Waendesha baiskeli waliwapita. Mama Mkanda aliwasha, likawaka, likasogea hatua chache, likazimika tena.

"Nishuke nisukume?" aliuliza bibi.

"Bibi, tafadhali usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nauliza nijue kama nivue viatu."

Walipata msaada wa gari lingine, lakini bibi alifika amechelewa na zamu yake ya mashine ikawa imepewa mtu mwingine. Alisubiri hadi jioni, miguu imevimba, akisema hana neno. Mama Mkanda aliketi kwenye benchi la kliniki akalia waziwazi. "Mimi ndiye niliyemwambia mtoto wake, mama yako yuko mikononi mwangu, usiwe na wasiwasi," ananiambia.

Usiku huo alikubali yaishe. Alimpigia simu mnunuzi wa magari chakavu, wakaelewana aje Jumamosi.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na kinageuzwa na waya. Egzosi ilikuwa inaning'inia kwa kipande cha waya tangu mwezi uliotangulia. Ili mnunuzi asipate kisingizio cha kushusha bei, Ijumaa asubuhi Mama Mkanda alilipeleka gari kwa mchomeleaji wa egzosi, mtu mwembamba wa karakana ya uchochoroni anayejulikana kwa jina la Pumzi.

Jina hilo limetokana na mtindo wake wa kazi. Pumzi hagusi spana kabla hajaweka kiganja nyuma ya gari. Wateja wapya humcheka. Wa zamani husimama kimya kama wanaosubiri majibu ya vipimo.

"Nilimwambia sikuja kwa matibabu, chomelea tu hapo nije kuliuza," anakumbuka Mama Mkanda. "Akaweka mkono, akanitazama. Akasema, 'Dada yangu, gari lako halipumui.'"

Nilimkuta Pumzi chini ya gari la mtu mwingine, akanieleza akiwa hukohuko, miguu tu ikionekana. Kwenye egzosi, alisema, kuna kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wanakiita masega, kwa sababu ndani kina vitundu vingi vidogo mfano wa sega la nyuki. Vitundu vikiziba, moshi unakosa njia ya kutoka, na injini iliyojaa moshi wake yenyewe haina nguvu ya kupanda popote.

"Watu wanaua injini nzima bure," alisema. "Wewe zibwa pua na mdomo halafu uambiwe kimbia."

Alimwonyesha papo hapo. Alifungua sensa, kidude cha kupimia moshi kilicho mbele ya masega, pakabaki tundu la moshi kutokea, akamwambia awashe. Gari lilinguruma hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Mama Mkanda alipokanyaga mafuta, injini ile iliyokwisha ikapanda juu kwa wepesi ambao hakuusikia kwa miezi.

"Nilipiga vigelegele ndani ya gari, peke yangu, madirisha yamefungwa," anasema. "Kisha nikampigia yule mnunuzi. Nikamwambia samahani sana kaka, mgonjwa amezinduka."

Pumzi aliyafungua masega, akayaelekeza juani na kuchungulia. Giza tupu. Kuna mafundi ambao wangeyavunja kwa nondo na kurudisha ganda likiwa tupu, gari likaenda na kila mtu akafurahi. Yeye alikataa. "Unabeba watu wagonjwa. Huo moshi mchafu utauachia wapi, mlangoni pa kliniki?" Alikwenda kutafuta masega mazima kutoka kwenye gari la aina ileile lililogongwa nyuma, akayaelekeza nayo juani, na safari hii mwanga ukapita.

Lakini kabla hajamaliza alikwaruza yale ya zamani kwa kucha, akanusa, akaenda kuchomoa kijiti cha oili. Akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Nani anakuwekea oili?"

"Gereji, wakati wa sevisi tu."

"Basi kuna mwingine. Gari linaloumwa huwa oili inapungua. Lako imepita alama kwa mbali. Ikizidi hivi injini inaivuta na kuichoma, masizi yote yanakwenda kuziba masega. Kuna mtu analilisha hili gari."

Aliipunguza oili hadi kwenye alama na kumwonya kwamba asipompata huyo mtu, masega mapya nayo hayatafika mbali.

Mama Mkanda alirudi nyumbani na gari jepesi na moyo mzito. Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwa dereva mwenzake wa pale kliniki, ambaye waliwahi kugombana kwa ajili ya maegesho. "Nilimhukumu kabisa. Mpaka leo hajui kwa nini jioni ile tulipopishana njiani sikumjibu salamu."

Kesho yake alfajiri aliingia bafuni kama kawaida, akafungua maji, akayaacha yakimwagika ndooni, akatoka kimyakimya na kuchungulia dirishani.

Boneti ilikuwa wazi. Baba yake alikuwa ameshika kijiti cha oili karibu kabisa na pua, anakigeuza huku na huku, anakikodolea macho. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyekuta mtoto amelala njaa, akainama na kuchukua kopo.

"Baba!"

Mzee hakushtuka hata kidogo. "Umeliacha kavu tena," alimgombeza. "Kila siku nalikuta kavu. Mimi nisingekuwapo ungekuwa umeshaua injini zamani."

Mama Mkanda alikichukua kile kijiti. Oili ilikuwa pale, safi, nyepesi, inang'aa, imefika kwenye alama sawasawa. Mzee alikuwa haioni.

"Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikataka kupiga kelele. Lile kopo alikuwa akilinunua kwa hela anazotumiwa na kaka yangu za kujipoza. Alijinyima chai yake ili gari langu lisikae kavu. Ningemgombeza vipi?"

Baba mwenyewe, dereva wa malori kwa miaka thelathini na kitu, analisimulia jambo hili akitazama upande mwingine. Alijua macho yanafifia. Hakusema. "Dereva akisema haoni, amebaki nani?" aliniuliza.

Jumatatu yake Mama Mkanda alimchukua bibi mshonaji na kuukabili mlima. Wakakaribia pale walipokwama. Gari lilipita likiwa na haraka zake.

"Kwa hiyo leo sisukumi?" aliuliza bibi.

"Bibi, funga mdomo tufike."

"Mkanda nimefunga, mdomo hatukukubaliana."

Walicheka hadi getini, wakafika mapema hata muuguzi akatazama saa yake. Yule dereva mwenzake alipungia mkono, na safari hii Mama Mkanda alimjibu kwa salamu ndefu iliyomshangaza.

Siku hiyohiyo aliuliza habari za macho. Kliniki ile ina kitengo cha macho, na baada ya kubembelezwa kwa wiki nzima mzee alikubali kupanda mlima kwenda kupimwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari amesema anatolewa. Upasuaji wa jicho la kwanza ni mwezi ujao. Mama Mkanda anasema tangu asikie hivyo analala usingizi wa kitoto.

Siku ya upasuaji hatabeba abiria mwingine. Atakuwa na baba yake tu, kiti cha mbele, mkanda umefungwa.

Mzee naye ana mpango wake, na alinieleza mbele ya binti yake ili kuwe na shahidi.

"Nikishaona alama, narudi kazini. Kijiti nakisoma mwenyewe."

"Kijiti nakupa, baba," alijibu Mama Mkanda. "Kwa moyo mmoja."

"Na kopo langu?"

"Kopo, hapana."