Romana, Bima na Turubai Lisiloonyesha Jeraha

Mwaka 1975, waliokata bima ya nyumba hapa Mpanda walihesabika kwa vidole, na mkono mmoja ulitosha. Mmoja wao alikuwa Romana, mshonaji wa mtaa wa Kashaulili, mjane kutoka Mpimbwe, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na cherehani moja ya mkono. Wakala wa bima aliposhuka kwenye treni ya Tabora, wengi walimwona tapeli aliyesoma. Romana alimpa kiti, akamtaka asome karatasi yote, hadi yale maandishi madogo ambayo wakala mwenyewe, kwa kukiri kwake, alikuwa hajawahi kuyafikia.

Ndipo Romana akajua kwamba bima ya nyumba huvifuata vitu vya nyumba hata vikiwa safarini ndani ya gari, almradi gari limefungwa na mwizi ameingia kwa kuvunja. Jirani yake Dafrosa aliona huo ni upuuzi.

"Yaani kitu kimeshatoka nyumbani, nyumba bado inakilinda? Mbona waume hatuwalindi hivyo?"

Romana alikata kitambaa kwa jicho, bila chaki, na suruali zake zilidumu kuliko sababu za kuzinunua. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuvumilia kuona kitu kimechanika. Aliwahi kumshonea mtu kola kanisani katikati ya mahubiri. Mwenye kola hakuamka.

Novemba ile alipanda Landrova ya shemeji yake Ponsian kwenda Kabungu kushona sare za shule. Cherehani, ikiwa imeviringishwa blanketi, ilikaa nyuma chini ya turubai pamoja na mifuko ya chumvi ya Ponsian. Walipofika tu wakaitwa mkutanoni. Hakuna ruhusa ya kukosa, na mada ilikuwa ulinzi wa mali kijijini. Ponsian akatia kufuli milango, akafunga turubai kwa mnyororo.

Saa saba mchana walikuta turubai limechanwa ubavuni kwa kisu, urefu wa mkono. Chumvi ipo, cherehani haipo. Mwizi alijua kuchagua, na inaelekea ndiye peke yake aliyekosa mkutano.

Wingu lilikuwa limeshatanda. Romana akachomoa sindano ya magunia kwenye upindo wa kanga.

"Shemeji, acha kwanza polisi waone," Ponsian akasema.

"Polisi watakuja na mvua. Chumvi yako itawasubiri?"

Akashona. Mvua ilinyesha hadi Mpanda, na halikuingia tone.

Kituoni, askari alilizunguka gari akauliza, kwa heshima zote, turubai lilichanwa wapi. Wiki mbili baadaye akafika mkaguzi wa bima kutoka Tabora, Bwana Kasimu, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Naye akapapasa turubai mbele ya nyumba ya Romana, majirani wakitazama.

"Mama, sisi tunataka dalili ya kuvunjwa. Hapa naona mshono wa kiwandani."

"Wa kiwandani ni ule wa upande wa pili. Umepinda."

Kwa hizo wiki mbili Romana alikuwa anashona kwa mkono, vidole vimetoboka. Bima isipolipa, hapakuwa na cherehani nyingine, wala kazi nyingine aliyoijua. Akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wake, uzi kwa uzi. Ponsian akageuza uso, kama mtu anayeona ng'ombe mzima akichinjwa.

Mkato ukaonekana. Kasimu akainama.

"Nitajuaje kama hukukata mwenyewe?"

Dafrosa akapasuka kwa kicheko. "Nyie huko Tabora hamna mafundi? Siku Romana akikata kombo hivi tutamwita padri!"

Romana hakucheka. Aliona aibu, kana kwamba mkato ule ulikuwa wake. "Tazama, mwanangu. Hapa kisu kimeingia, kimekwama, kimevutwa. Hapa mtu ameogopa, amebadilisha mkono. Mimi sijakosea kitambaa hivi tangu niko kwa masista najifunza kushona."

Kasimu akamkabidhi gunia kuukuu na kisu. "Hebu kata kombo, mama. Vibaya uwezavyo."

Romana akajaribu. Kasimu akaweka rula: mkato umenyooka. Akajaribu tena, kwa juhudi zaidi, ukanyooka zaidi. Mara ya tatu alifumba macho, akaharibu kidogo mwishoni, na kabla hajaambiwa akawa ameshaparekebisha, akaomba radhi. Kasimu alijua kwamba mtu aweza kuigiza. Lakini alikuwa amekagua waongo wengi, na hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi kwa kushindwa kufanya vibaya.

Matone yakaanza.

"Shemeji, shona! Kuna mahindi humu!" Ponsian akapiga kelele.

Romana akatia uzi kwenye sindano, akasimama palepale. "Andika kwanza, Bwana Kasimu."

Kasimu akaandika juu ya boneti, akiikinga karatasi kwa koti.

"Soma."

"'Gari lilikuwa limefungwa. Turubai limekatwa kwa kisu, na mtu asiye fundi.'"

"Weka sahihi."

Akaweka. Ndipo Romana akapanda kwenye Landrova, akashona huku mvua ikimpiga mgongoni, wala hakuharakisha. Mahindi ya Ponsian yalilowa kiasi. Alilalamika hadi Krismasi.

Malipo yalikuja Januari, Februari cherehani ikashuka stesheni, na watoto wa Kabungu wakavaa sare muhula huohuo.